Mkeka Chini ya Gari

Tulikwenda na mkeka. Vijana wa yadi ya Chumbageni
walidhani tumekuja kuswali pale.
Mwantumu akautandika, si kwa kibla, kwa ekseli,
nikavua kofia, nikajilaza chali,
nikajisukuma chini kama mtoto arudiye uvunguni.

Juu yangu palikuwa na nyumba:
kitanda cha wawili, jiko la gesi, sinki linalong'aa,
mapazia ya maua yasiyowahi kuota popote.
Jipya, kilomita sifuri.
Hashil, muuzaji, alikuwa akimwonyesha mke wangu
taa zinazowaka ukipiga kofi,
na Mwantumu akapiga kofi moja tu, la heshima.

Mimi nilikuwa nikihesabu boliti.
Gundi mahali pa boliti, mbao za kubandika,
na tani nne za raha zimepakatwa na kigari
kilichozaliwa kubebea mikate.
Springi zimeshalala kabla ya safari,
na bado maji hayajapanda, wala mitungi, wala masufuria,
wala sisi wenyewe, ambao si wepesi.

Miaka thelathini na mmoja nimeendesha lori la mkonge.
Najua kinachovunjika.
Bodi ina mdomo: hulia, hugongagonga, hukwaruzika,
unaipeleka kwa fundi, inanyamaza.
Chasisi hukaa kimya kama mtu mwenye deni
mpaka siku ya mteremko wa Soni.

Zahoro akapiga simu kutoka Maskati:
"Baba, chukueni jipya, nitaongezea."
Nikamwambia, mwanangu, upya ni rangi.
Akacheka. Hakuelewa. Salio likakata.

La pili lilikuwa Pongwe, nyuma ya karakana ya Shekigenda,
limeegeshwa kati ya migomba na matairi.
Zamani lilikuwa zahanati ya macho ya kutembea.
Ndani hakuna kitanda, hakuna jiko,
kuna ubao wa herufi tu umebaki ukutani,
kubwa juu, ndogo chini, zikififia.
Mwantumu akasimama mlangoni, akaziba jicho moja,
akasoma mpaka mstari wa tano.

"Lililala wapi?" nikauliza,
maana hapa kwetu hewa yenyewe ina meno,
kinachoegeshwa Raskazone mwaka mmoja
hakiulizwi umri tena.
"Handeni," akasema. Kila muuza gari husema Handeni.

Nikatandika mkeka. Nikaingia na nyundo ya ratili mbili.
Nikagonga reli ya kushoto, toka mbele hadi nyuma:
ngaa, ngaa, ngaa.
Kulia: ngaa, ngaa,
nikasubiri ile *pwa* ya kutu iliyopakwa rangi juu,
ya kiraka kilichochomelewa usiku.
Ngaa.
Nikachokonoa kwa kucha ndani ya pembe ya chuma,
pale ambapo mwoshaji hafiki:
udongo mwekundu. Mkavu. Wala chembe ya mchanga wa pwani.
Shekigenda alikuwa amesema kweli, maskini,
na mimi nilikuwa nimeshamchukia kwa nusu saa.

"Unafanya nini huko muda wote?"
Mwantumu akakunja kanga, akashuka kwa goti moja, kisha la pili,
akalala kando yangu, mkunga wa miaka arobaini
anayetaka kwenda kuwaona aliowapokea,
waliotawanyika mpaka Mpanda, wengine na ndevu.
Tukatazama juu.

"Unaona nini?"
"Chuma."
"Kikoje?"
Akanyoosha kidole, akakifuatisha, polepole,
kama alivyokuwa akipapasa mgongo wa mtoto
kabla hajamkabidhi kwa mama.
"Kimenyooka," akasema.

Tone la oili likaanguka kwenye kanga yake.
"Linavuja."
"Sili ya giaboksi tu. Elfu ishirini."
"Basi kama wewe."

Hatukutoka. Chini kulikuwa na kivuli, na mkeka,
na juu yetu paa la kwanza la nyumba yetu, limegeuzwa.
Shekigenda akainama kuchungulia,
akaona nyayo nne zimetulia,
akaenda kutafuta kitabu cha risiti.